Kidole Kilichosema Pita

Jamani, kama hujawahi kuona mtu mzima anaheshimiwa kwa sababu ya kidole kimoja, basi hujafika pale anapofanya kazi shangazi yangu. Na wala si kidole cha pete, maana pete aliivua zamani pamoja na aliyemvisha. Ni kile kinachofuata gumba, mkono wa kulia. Kazini hata jina lake wameshalisahau, wanamwita Kidole. "Kidole yuko wapi?" "Kidole kaenda kunywa chai." Ukisikia unafikiri kinatembea chenyewe.

Shangazi ni dobi wa hospitali. Miaka ishirini na miwili. Chumba chao cha kufulia kiko nyuma kabisa, unapita jiko, unapita lile jenereta linalokohoa, halafu kuna mlango wa bati. Ukiufungua tu, mvuke unakupiga usoni mpaka miwani inaota ukungu. Ndani kuna mashine tano, kubwa kiasi kwamba ukijikunja unaenea, na nasema hivyo kwa sababu nilishajaribu nikiwa na miaka sita, nikachapwa. Mashuka ya wodi zote, mapazia, nguo za wagonjwa, yale magauni ya kijani ya chumba cha upasuaji, vyote vinapita hapo.

Na vyote, zamani, vilikuwa vinatoka na mba.

Sikia, nakuelezea vizuri maana hii habari nimekua nayo kama wengine wanavyokua na katuni. Hospitali inanunua sabuni ya unga ya magunia, ile ya bei ya chini, inakaa stoo yenye unyevu. Maji ni ya baridi, kwa sababu kile kipasha maji cha mashine kilikufa kabla mimi sijazaliwa. Sasa ukimimina sabuni kwenye droo ya mashine, nusu inamezwa, nusu inaganda humo humo kama saruji, unaikwangua na kijiko. Na ile iliyomezwa haiyeyuki. Inajificha kwenye mikunjo ya shuka, inakauka, inapigwa pasi, inakuwa kipele kigumu cheupe, ndiyo hiyo mba. Halafu hilo shuka anatandikiwa mtu ambaye hawezi kujigeuza mwenyewe. Fikiria kulalia hicho kitu kutwa nzima.

Madobi wenzake dawa yao ilikuwa moja tu, ongeza sabuni. Walikuwa wanaliamini povu. Kioo cha mashine kisipojaa povu, basi kwao hakijafuliwa kitu. Wakiongeza, mabonge yanaongezeka. Yakiongezeka, wanaongeza tena! Shangazi alikuwa anawaambia, "Hilo povu linajipiga picha tu. Kazi haifanyi."

Akachukua pipa moja la plastiki lililokuwa limetupwa, akaanza majaribio yake. Hakusomea mahali, hakuna aliyemtuma. Aligundua kwamba watu wote tunakosea pale pale, tunaweka unga kwanza, halafu tunamwagia maji juu. Siku moja alinipasulia bonge mezani nione. Nje limelowa, utelezi mtupu, ndani kavu kabisa, unga ule ule wa kwenye gunia! Linajifunga ngozi, maji hayaingii tena. Kwa hiyo yeye akageuza. Maji kwanza, ya uvuguvugu, wanayabeba na ndoo kutoka jikoni (alishapatana na mpishi, usiniulize vipi). Halafu unga unanyunyiziwa kidogo kidogo na mkono mmoja huku mwenzako anakoroga na mwiko mrefu bila kupumzika. Halafu unachuja kwa soksi ndefu za nailoni walizochoka nazo manesi. Mashine nayo huishindilii nguo, lazima mkono upite juu yake. Unaiacha inywe maji, izunguke mara tatu nne, nguo zilowe, ndipo unamimina maji yako ya sabuni.

Lakini kabla ya kumimina, kidole.

Anakichovya pipani, anasugua na gumba, mara tatu, macho amefunga, kama mtu anayesikiliza simu inayokatika katika. Akihisi chenga anasema, "Bado." Kikiwa laini anapaza sauti, "Pita!" Hapo ndipo ndoo zinanyanyuliwa. Hata msimamizi alikuwa anasubiri. Mashine tano, madobi wanane, hospitali nzima na mashuka yake, wote wanasubiri shangazi yangu afumbue macho.

Mba ikaisha. Miaka na miaka haikuonekana. Cheti hakupewa, hata asante ya karatasi hakupewa. Alichopata ni hilo neno moja tu, pita. Na lilimtosha, kwa sababu nyumbani kwetu neno lake halina uzito hivyo. Mimi mwenyewe ananiita naitika "nakuja," na siendi.

Aliyekuwa anakoroga pipa ni Mama Pacha. Hawa wawili walianza kazi mwezi mmoja, wanachangia chupa moja ya chai, na kelele zao ungefikiri wanagombana.

"Koroga, Mama Pacha, unabembeleza nini?"

"Nakoroga, bosi wa kidole kimoja. Hivi vile tisa vingine kazi yake nini?"

"Vinasubiri kukufinya."

"Vifike basi, mgongo unawasha!"

Sasa, mwaka jana hospitali ikaleta kile kidude cha kusaini kwa alama ya kidole. Kimebandikwa ukutani pale mapokezi, kina sauti ya dada mpole. Ukifika unaweka kidole, kinasema "asante." Siku ya kwanza foleni ndefu, kila mtu anaweka, asante, asante, asante. Akafika shangazi. Akaweka kile kile cha heshima.

"Tafadhali jaribu tena."

Akafuta kwenye kanga, akaweka. "Tafadhali jaribu tena." Akaweka gumba. Akaweka cha mkono wa kushoto. Yule dada wa ndani ya kidude wala hakuchoka. "Tafadhali jaribu tena."

Mama Pacha kutoka nyuma akapaza sauti, "He! Kumbe Kidole hana kidole!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani alicheka mpaka akajifuta machozi, akampa daftari awe anasaini kwa kalamu. Shangazi naye alicheka. Jioni akatusimulia mara tatu, na kila mara akiigiza ile sauti ya mpole, na sisi tukicheka upya. Hakuna mtu hata mmoja aliyejiuliza kitu. Mimi nilirekodi kabisa akiigiza, ninayo mpaka leo kwenye simu. Siifungui.

Baada ya hapo yakaja magunia mapya. Unga wake mkavu, chenga kubwa kidogo. Mama Pacha, ambaye mikono yake iko pipani mpaka kwenye viwiko, akamwambia, "Shoga, mbona mimi nahisi bado ina chenga?"

"Kidole changu au chako?"

"Chako."

"Basi pita."

Yakaisha. Mashuka yakaendelea kutoka safi, laini, hakuna malalamiko. Miezi ikapita. Ila mashine zikawa zinachelewa kuwashwa. Si sana, robo saa hivi. Shangazi akawa anashangaa, mimi nasema pita saa mbili na nusu, hawa wananyanyua ndoo saa tatu kasoro robo, wanafanya nini?

Siku moja akaenda jikoni kwa mpishi, akarudi mapema kuliko kawaida. Akamkuta Mama Pacha amechuchumaa, ana soksi nyingine ya nailoni, anachuja upya ndoo ambazo zilishapitishwa. Madobi wawili wamesimama wanamsubiri, kama watu wanaojua.

"Nimesema pita," shangazi akasema.

"Nimesikia."

"Sasa unachuja nini?"

"Nahakikisha tu."

"Unamhakikisha nani?"

Mama Pacha akaendelea kukamua soksi.

"Umeanza lini?"

"Siku nyingi."

Hapa ndipo huwa natamani kuingia kwenye hii habari nimtikise. Muulize kwa nini! Swali moja tu lilikuwa limebaki, na hakuliuliza. Yeye alichosikia ni kwamba neno lake, lile neno moja alilonalo duniani, siku nyingi limekuwa likipitiwa nyuma ya mgongo wake, na wote wanajua isipokuwa yeye. Alivua aproni, akaenda ofisini kwa msimamizi. Akasema Mama Pacha anachelewesha mashine kwa makusudi, ana utaratibu wake wa pembeni, hataki kufuata agizo. Na ubaya wake ni kwamba hakudanganya hata neno.

Msimamizi ni mtu ambaye kufikiri kunamuumiza kichwa. Kesho yake Mama Pacha akahamishiwa chumba cha machafu.

Chumba cha machafu hakina dirisha la maana. Mashuka yanaingia humo jinsi yalivyotoka kwa mgonjwa, sitaki kueleza zaidi, unaweza kuwa unakula. Kazi ni kuyatenga moja moja, ya damu huku, ya kawaida kule, na kutoa vilivyosahauliwa ndani. Vijiko, pamba, siku moja meno ya bandia. Na sindano. Huko hakuna anayeimba.

Mama Pacha hakubishana. Alichukua kigoda chake akaondoka. Chupa ya chai akaiacha.

Wiki ya pili tu, sista wa wodi ya watoto akaingia chumba cha kufulia ameshika kishuka kidogo, kile cha vitanda vya wachanga. Akakikung'uta mbele ya dirisha. Likatoka vumbi jeupe, linaelea kwenye mwanga.

"Kidole, hii ni nini?"

"Sista, haiwezekani."

"Nina watoto saba wana vipele mgongoni. Mmoja ngozi imefunguka, kidonda hakitaki kufunga. Nakuuliza, hii ni nini?"

Shangazi akamgeukia mama mgeni aliyeletwa kukoroga. "Unakoroga au unapapasa?" Yule mama wa watu akakoroga mpaka jasho likadondokea pipani. Shangazi akachovya, akafunga macho, akasugua. "Pita." Vipele vikaendelea. Akasema basi ni magunia. Jioni akanikalisha, akanitajia maneno ya barua ya kulalamikia stoo, mimi nachapa kwenye simu: sabuni mliyotuletea haiyeyuki, mnaumiza watoto. Tuliituma. Barua nzuri kweli, hata mimi niliwachukia hao watu wa stoo.

Jumapili mchana, kaka yangu alikuwa amenipa simu yake baada ya kununua nyingine, kwa hiyo ya kwangu nikahamisha vitu vyangu, nikampa shangazi. Nikataka kumwekea ifunguke kwa kidole, nimalize kabisa, asinisumbue na namba za siri. "Weka, toa. Weka, toa. Usibonyeze, gusa tu." Inakataa. Nikaifuta kioo. Inakataa. Nikamwambia, "Shangazi, wewe ni mzimu, hata simu haikuoni!" Anacheka, nacheka. Nikawasha tochi nimulike hicho kidole.

Hakikuwa na mistari. Kabisa. Ngozi imekuwa laini, inang'aa, kama mgongo wa kijiko. Miaka ishirini na miwili ya sabuni ilikuwa imefuta kila kitu.

Mimi nilikuwa nacheza tu, naapa. Nikamwambia afunge macho, nikachukua chumvi mezani, punje tano sita, nikaziweka kwenye ncha ya kidole. "Haya, nimeweka nini?"

"Hujaweka kitu."

"Nimeweka."

"We mtoto, usinifanye mjinga."

"Sugua na gumba, kama pipani."

Akasugua. Mara tatu. Ule uso wake wa pipani ukaja, ule wa kusikiliza simu ya mbali. "Hakuna kitu," akasema, "laini kabisa." Akafumbua macho, akaiona chumvi.

Akasugua tena akiwa anaangalia. Akafunga macho akasugua. Akafumbua. Halafu akaniambia nimletee kiti akae. Alikuwa amekaa.

"Alikuwa anachuja," akasema. "Mwanangu, yule alikuwa anachuja, na mimi nikaenda kumsemea."

Yaliyotokea Jumatatu ninayajua kwa sababu shangazi alinisimulia, na baadaye Mama Pacha akanisimulia kivyake, na yalifanana, kitu ambacho kwa hawa wawili si cha kawaida. Shangazi alikwenda moja kwa moja ofisini. Hakukaa.

"Kidole changu kimekufa. Hakihisi. Mama Pacha alikuwa ananifunikia. Mrudishe pipani, mimi niondoe."

Msimamizi akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo muda wote huu ulikuwa unasema pita na hujui unachopitisha?"

"Ndiyo."

"Na wale watoto?"

"Ndiyo."

Ilimchukua siku mbili, akaja na uamuzi wake. Ukutani, juu ya pipa, pakabandikwa karatasi iliyowekwa plastiki: Utaratibu wa Kuyeyusha Sabuni ya Unga. Maji kwanza, uvuguvugu. Unga kidogo kidogo. Koroga dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani. Chuja mara mbili. Mashine isishindiliwe. Mimina baada ya nguo kulowa. Yote ya shangazi, ukiondoa kule kuchuja mara ya pili, kulikoanzishwa na Mama Pacha. Niliipiga picha. Chini kabisa imeandikwa: Imeandaliwa na Ofisi ya Msimamizi. Kidole hakipo, wala cha mtu yeyote. Na inafanya kazi, hilo ndilo linalouma! Siku kumi tu vipele vikaisha. Yule wa kidonda akaruhusiwa kwenda nyumbani na alama mgongoni. Shangazi siku hizi hapiti kwenye ile korido ya wodi ya watoto, anazungukia nje hata kukiwa na mvua.

Na Mama Pacha? Msimamizi akasema nafasi ya pipani imeshajazwa, orodha imeshasainiwa, watu si viti vya kuhamishwahamishwa. Abaki huko huko. Na Kidole, kwa kuwa sasa anafaa kwa kazi isiyohitaji ujuzi, naye aende huko huko.

Kwa hiyo shangazi akaingia chumba cha machafu. Mama Pacha alikuwa kwenye kigoda, amempa mgongo, anatenga mashuka. Shangazi akasema yote akiwa amesimama mlangoni, la simu, la chumvi, la ofisini. Mama Pacha hakuacha kutenga.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Miezi tisa, Kidole. Wale wanangu wawili niliwabeba minane, chenga zako nimezibeba tisa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukaniuliza kidole cha nani."

Shangazi akasema, "Nisamehe, shoga."

"Usiniite shoga." Akarusha shuka upande wa damu. "Hilo la kusamehe usiniulize. Mimi nanuka mikojo ya watu mpaka wanangu wananikwepa. Usiniulize leo, na kesho usiniulize."

Shangazi akainama achukue shuka la kwanza aanze kazi, afanye tu kitu na mikono yake. Mama Pacha akaruka pale kigodani, akampiga mkono kofi, paa!

"Usiguse! Una wazimu? Humu mna sindano. Wewe ukichomwa utajuaje?"

Akamtupia glavu nene. Zilikuwa zake, jozi ile ilikuwa moja tu. Zikaanguka sakafuni, shangazi akaziokota mwenyewe.

Hiyo ni miezi minne sasa. Hawachangii chai, kila mmoja ana chupa yake. Kule kuitana na kutaniana kumekwisha kabisa, nikimuuliza shangazi wanaongea nini kutwa anasema, "Kazi." Mara moja nilimwambia, lakini si alikupa glavu, hiyo si dalili nzuri? Akaniangalia kama nimetukana. "Hata adui yako humwachii achomwe sindano," akasema, akaenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Wiki iliyopita nilimpelekea miwani aliyoisahau. Mlango ulikuwa wazi nusu, sikuita, nikasimama. Mama Pacha anachukua shuka, anapitisha viganja juu yake polepole, kona zote nne, kisha pindo, amevaa vile viglavu vyembamba vya kuonekana ngozi. Akimaliza analirusha upande wa pili bila kumwangalia anayerushiwa. Shangazi amesimama na glavu zake nene, toroli mbele yake, mikono imening'inia. Shuka limeshaanguka miguuni pake na haliokoti. Anasubiri.

Mama Pacha tayari ameshika lingine. Akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na ukuta:

"Pita."

Ndipo shangazi akainama.